Wiki saba na Sista: huduma ya kumsindikiza mgonjwa hospitalini Kampala

Mama alishuka kwenye basi pale Arua Park, jijini Kampala, saa kumi na moja alfajiri, amekumbatia mfuko mweusi wa nailoni kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani ya mfuko mlikuwa na madaftari matatu ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Aliyewahi kutibiwa Uganda anayajua: unafika, unaambiwa ukanunue daftari, na hilo ndilo linakuwa faili lako. La kwanza lilikuwa la sukari. La pili la presha. La tatu liliandikwa "tumbo", na katikati ya kurasa zake ndimo ilimokunjwa karatasi ya rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilimani Mulago, kwa saratani ya shingo ya kizazi.

Naandika haya kwa ajili ya mtu wa Arua, Koboko, Yumbe au Nebbi anayejiandaa kumleta mzazi Kampala na hajui aanzie wapi. Tulimlipa msindikizaji wa wagonjwa kwa wiki saba. Nitaeleza alichofanya, alipotuangusha, na pesa zilizotoka. Mwenye huduma ni mama mtu mzima anayefanya kazi peke yake, kwa hiyo jina lake siliweki hapa. Sisi tulimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa, naye aliitikia.

Mimi nauza vitenge Arua. Baba alikuwa dereva wa malori ya Congo, na Kiswahili kiliingia nyumbani kwetu kupitia kwake. Mama ana miaka 63, anaongea Kilugbara na Kiswahili cha sokoni. Kiganda hasikii, Kiingereza hasikii, na kwenye foleni za Kampala hizo ndizo lugha mbili zinazotawala. Tulipanga chumba kimoja Kyebando, karibu na Mulago, mimi, mama na mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo.

Kabla ya kumpata Sista tulikuwa tumeshaliwa. Getini kwa hospitali moja kijana mwenye kitambulisho shingoni alitusikia tukiulizana njia kwa Kiswahili, akatuita "wageni wangu", akasema anamjua daktari na atatupitisha siku hiyohiyo. Alipokea shilingi 80,000 mkononi mwangu, akaingia mlango mmoja, na sikumwona akitoka. Kwa hiyo mwenye nyumba wetu aliponiambia kuna muuguzi mstaafu anayelipwa kusindikiza wagonjwa, nilikataa kabla hajamaliza sentensi. Alichofanya mwenye nyumba ni kuniletea faili la marehemu mume wake, aliyesindikizwa na Sista huyo miaka miwili. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Karatasi moja, mwandiko mkubwa, kila ugonjwa, kila dawa, kila tarehe. Nikaomba namba ya simu.

Alikuja jioni hiyo. Jambo la kwanza alilosema nalikumbuka kwa sababu lilikuwa kinyume kabisa na la yule kijana wa getini: "Dada, foleni tutaipanga kama watu wengine. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha ukifika dirishani una kila karatasi, usirudishwe." Bei yake ni 30,000 kwa siku, na siku inahesabiwa tangu mnapotoka nyumbani hadi mgonjwa anaporudi kitandani. Nauli yake ya boda ni juu yenu. Analipwa jioni, kazi ikiisha. Hachukui kila mtu: mwenye malaria au mkono uliovunjika humwelekeza kwa simu bila malipo. Anachukua wale ambao mwili mmoja una kliniki tatu au nne.

Sasa nieleze ile jioni ya kwanza, maana hapo ndipo pesa yetu ilipofanya kazi kubwa kuliko siku nyingine zote.

Aliketi kwenye mkeka na kuomba kila kitu. Si madaftari tu. Alitaka vikopo vya dawa, pakiti tupu, karatasi za maabara zilizogandamana kwa jasho, hata vile vidonge ambavyo mama alivifunga kwenye kona ya leso. Alivipanga sakafuni kwa mafungu. Alisoma kila daftari tangu ukurasa wa kwanza, saa mbili na nusu, huku akimuuliza mama: hiki unakimeza lini, nani alikupa, ulipomeza ulisikiaje. Halafu akachukua karatasi moja safi na kuandika.

Akafika kwenye dawa za presha, akasimama. Daftari moja lilikuwa na nifedipini. Lingine, la kliniki nyingine, lilikuwa na amlodipini. Mama alikuwa anameza zote mbili kila siku kwa utiifu. Sista akatueleza kwamba hizo ni ndugu, zinafanya kazi ileile kwenye mishipa, na moja ya tabia zake ni kuvimbisha miguu. Tuliitazama miguu ya mama. Ilikuwa imevimba kwa miezi, viatu vya plastiki vimemwachia alama, na ukoo mzima ulikuwa umeshakata shauri kwamba ni saratani imeteremka. Sista hakusema aache hata kidonge. Alichora mstari mwekundu chini ya majina yote mawili na kuandika pembeni: "Daktari, tafadhali." Siku tatu baadaye daktari alisoma huo mstari, akafuta moja. Wiki ya tatu mama alivaa viatu vyake vya kanisani.

Kisha akaomba sindano. Nilidhani anataka kushona kifungo. Akatoboa madaftari yote matatu kwenye mgongo na kuyashona pamoja kwa uzi wa magunia, yakawa kitabu kimoja kinene, ile karatasi yake ikiwa mbele kabisa. Mama akamuuliza kwa nini anaharibu vitabu. Akajibu, "Mama yangu, wewe ni mmoja. Mbona walikuandika watu watatu?"

Kuna jambo lingine la jioni hiyo ambalo nimefikiria sana kama niliandike. Mdogo wangu ameniruhusu.

Sista aliwaomba wanaume watoke nje. Mwanaume alikuwa mmoja tu, mdogo wangu. Mlango ulipofungwa alimuuliza mama, kwa Kiswahili chepesi, damu ilianza lini. Mama akasema kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Mimi nikashtuka. Mwaka juzi! Katika daftari la "tumbo" hakukuwa na neno damu mpaka kurasa za mwisho. Kurasa kumi na kitu ni maumivu ya tumbo, dawa za minyoo, dawa za vidonda, dawa za mkojo. Nikamuuliza kwa nini hukuwaambia. Akasema, "Hawakuniuliza."

Walimuuliza. Mdogo wangu alitusimulia baadaye huku analia kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki na kumtafsiria wakati mimi niko dukani. Daktari aliuliza kwa Kiingereza kama mama anatokwa na damu ukeni. Kijana wa miaka ishirini, mbele ya mama yake mzazi, alitafuta hilo neno kwa Kilugbara, akalikosa mdomo wa kulisemea. Akamgeukia mama na kusema, "Anauliza kama tumbo linauma." Mama akajibu linauma. Hivyo ndivyo daftari lilivyopata jina lake, na hivyo ndivyo mwaka mzima na zaidi ulivyopita.

Simlaumu. Nani kati yetu alilelewa kutamka maneno hayo mbele ya mama? Lakini nataka wasomaji mlione hili, kwa sababu sisi watu wa pembezoni tunapokwenda hospitali kubwa, mtoto aliyesoma ndiye anayegeuzwa mkalimani, awe wa kiume au wa kike, awe na miaka kumi na miwili au ishirini. Tunadhani tatizo ni lugha. Sista alikaa na mdogo wangu barazani siku mbili baadaye na kumwandikia orodha ya maneno: damu, uke, haja ndogo, haja kubwa, kutapika, ganzi. Akamfanya ayasome kwa sauti, Kiswahili na Kilugbara. Nilimsikia akimwambia, "Ukimwonea mama yako haya, daktari atatibu kitu kingine." (Aliniuliza na mimi kuhusu mabinti wa nyumbani, kama wamechanjwa. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2015, bure, kwa wasichana wa miaka 10. Mmoja alikuwa hajapata. Nilipiga simu Arua usiku uleule.)

Matibabu yenyewe yalipangwa hivi: mionzi ya nje siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano, dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani. Sista alimchorea mama kalenda ukutani kwa kalamu ya rangi, na kutueleza kwa nini hatupaswi kuruka siku: kwa saratani hii madaktari wanataka kazi yote iishe ndani ya wiki nane, maana ikikokotwa uvimbe unapata nafasi ya kuota tena. Hilo lilinisaidia kuamua. Nilikuwa nimepanga kumrudisha mama Arua kwa wiki moja katikati, kwa ajili ya msiba wa shangazi. Arua ni karibu kilomita 480, usiku mzima barabarani, Karuma, Pakwach, na kurudi. Tulituma rambirambi kwa simu.

Mama aliogopa mashine. Kwetu West Nile, upande wa Arua, watu wanakumbuka mwaka 2016, wakati mashine pekee ya mionzi nchini ilipokufa na nyingine haikuanza kazi mpaka mapema 2018, na kila ukoo una jina la mtu aliyesubiri. Asubuhi ya kwanza aliniuliza mara tatu kama mashine iko hai. Sista alimshika mkono hadi mlangoni, akamwambia siku hizi kuna zaidi ya moja, na kwamba mashine haigusi ngozi, unalala tu unaisikia ikizunguka. Mama alitoka amekunja uso: "Ndiyo hiyo tu?"

Wiki ya kwanza Sista alikuwa nasi siku zote tano. Kuanzia wiki ya pili tulimwita Jumatatu na Alhamisi, siku ya vipimo na siku ya dripu. Siku nyingine tulikwenda wenyewe na kitabu chetu. Kabla ya kila dripu hupimwa damu kuangalia figo, kwa sababu sisplatini ni kali kwa figo, na figo za mtu mwenye sukari na presha tayari zimebeba mzigo. Wiki moja kipimo kilipanda na dripu ikaahirishwa. Mama alidhani ameachwa afe. Ilichukua dakika kumi za Sista, vikombe viwili vya maji na kitambaa cha kuchujia ili aelewe kwamba wamemsubirisha kwa kumhurumia.

Nifike kwenye kasoro, na ya kwanza ni Jumapili.

Sista huzima simu tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri. Alituambia siku ya kwanza, tukaitikia bila kuelewa tunaitikia nini. Jumapili ya wiki ya pili mama aliamka anaomba maji. Akanywa jagi zima. Akakojoa kwenye mkeka bila kujua, akaanza kumwita baba, ambaye tulimzika 2011. Tulimpima na ile mashine ndogo ya kidoleni: 24.6. Kawaida yake ilikuwa tisa, kumi. Nilipiga simu ya Sista mara kumi na moja. Imezimwa. Sitasahau ile sauti ya kike ya mtandao.

Tulimbeba kwenye taksi ya kukodi hadi hospitali ya karibu, saa nane usiku, mimi na mdogo wangu, hakuna anayejua aseme nini kwanza. Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Aliuliza anatumia dawa gani. Nilifungua mdomo, sikuweza kutaja hata moja. Mdogo wangu akampa kitabu. Daktari akasoma ule ukurasa wa mbele, nadhani dakika tatu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama. "Hii deksamethasoni, alianza lini?" Alhamisi. Vilikuwa vidonge vya kuzuia kutapika baada ya dripu, ambavyo Sista aliviandika jioni ya siku ileile. Daktari akatueleza kwamba dawa hiyo inazuia kutapika vizuri sana, lakini kwa mtu mwenye sukari inaipandisha juu. Akaweka dripu ya maji na insulini. Mapambazuko mama aliuliza chai iko wapi, akakatazwa sukari, akanuna. Nilimshukuru Mungu kwa ule mnuno.

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi. Nilikuwa na hasira na simu iliyozimwa, na bado nasema: anayesimamia wagonjwa wa aina hii anahitaji mwenzake wa kupokea simu siku ya mapumziko yake. Nilimwambia hivyo Jumatatu. Hakujitetea, alisema anatafuta muuguzi mwingine wa kushirikiana naye na hajampata. Lakini pia ni lazima niseme ukweli mwingine: usiku ule Sista alikuwapo. Alikuwa kwenye ule ukurasa. Mtu asiyetujua, asiyesikia lugha yetu, alimjua mama yangu kwa dakika tatu.

Jumatatu hiyo alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alimwomba daktari wa saratani aandike mistari miwili ndani ya kitabu kwa ajili ya daktari wa sukari. Kisha tukaenda kliniki ya sukari, upande mwingine wa mji, akamwomba daktari wa sukari ajibu papo hapo chini yake. Tangu siku hiyo wakawa wanaandikiana kupitia mama. Deksamethasoni ikapunguzwa, insulini ikawekwa kwa siku za dripu, na kwa vile chumba chetu hakina friji, Sista alitununulia mtungi mdogo wa udongo, akaweka maji chini na kopo la insulini juu ya jiwe, mbali na jua. Ulikaa baridi wiki zote. Hata chakula alikipanga kwa namna ambayo mama alikubali: hakumkataza enyasa, ugali wetu, alimwambia ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, si ngumi ya mwanawe.

Kasoro ya pili ni ndogo kuliko ya Jumapili ila ilituuma. Wiki ya nne aliandika tarehe ya kliniki ya sukari kuwa Alhamisi badala ya Jumanne. Tulifika Alhamisi, tukarudishwa, tukapangiwa wiki iliyofuata. Alikagua kitabu, akaona ni mwandiko wake, akakataa kupokea 30,000 za siku hiyo. Tangu hapo nikawa naisoma tarehe kwa sauti kabla hatujaondoka dirishani. Nawashauri mfanye hivyo, haijalishi nani ameandika.

Maumivu. Wiki ya tano kiuno cha mama kilikuwa hakimruhusu kulala. Vidonge vya kawaida vilishindwa. Sista akataja morfini, na mama akageukia ukuta. Kwetu neno hilo linatajwa mtu akiwa amekwisha. Hakumbembeleza. Siku ya pili alitupeleka Makindye, kwenye Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993. Pale morfini ni ya maji, ya kijani, kwenye chupa, na mgonjwa hailipii. Muuguzi wa pale ndiye aliyeiandika mwenyewe. Uganda iliruhusu tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika morfini, na ndiyo maana mtu hahitaji kusubiri daktari bingwa huku anajinyonganyonga kwa maumivu. Mama alimwona mwanamke mmoja wa rika lake akimenya ndizi barazani, akaambiwa anatumia ile ya kijani mwaka wa pili. Usiku huo akalala saa sita mfululizo. Mimi sikulala, nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Sista alikuwa ameshatuonya kuhusu choo: "Ile ya kulainisha tumbo mkiiacha, mtanipigia kwa kilio kingine." Tuliifuata kama saa.

Sasa pesa. Siku 17 kwa 30,000 ni 510,000. Tukiondoa ile siku ya tarehe mbaya ni 480,000, bila nauli zake. Kwa mizani yangu ya dukani, siku moja ya Sista ni bei ya kitenge kimoja cha kawaida. Niliuza mzigo wa miezi kulipia wiki saba, na sikuuzia mtu mwenye huruma. Kwa hospitali za serikali ada ilifutwa mwaka 2001, lakini nauli, chumba, chakula, na dawa inayokosekana dirishani ni juu ya mgonjwa, na bima ya afya ya taifa hatuna. Ukiongeza msindikizaji juu ya hayo, wengi hawawezi. Wodini niliwaona akina mama waliotoka Moroto na Kisoro, wameshika madaftari yao kwa mikono miwili, wanamtazama kila anayepita na koti jeupe kama atakuwa ndiye. Sista aliwajibu kila waliponong'ona swali, na mara mbili alituchelewesha kwa ajili hiyo. Sikumkasirikia. Kazi anayoifanya inapaswa kuwa na mshahara, meza na kibao mlangoni katika kila hospitali ya rufaa nchini. Vijijini tuna wahudumu wa afya wa kujitolea wanaomjua kila mtoto kwa jina. Mtu huyohuyo anapovuka Nile na kuingia Kampala hakuna anayemjua.

Kitu kimoja zaidi kuhusu adabu yake. Ndani ya mkoba ana nakala ya Mkataba wa Wagonjwa wa Wizara ya Afya, wa mwaka 2009, imechakaa kwenye mikunjo. Katika wiki saba aliitoa mara moja tu, pale mhudumu mmoja alipokataa kutueleza kipimo cha mama kinasema nini. Hakupandisha sauti. Alikunjua, akaweka kidole penye haki ya mgonjwa kuelezwa ugonjwa wake, akasubiri. Tulielezwa. Hajawahi kutoa kitu kidogo mbele yetu na hakuwahi kutuomba cha kumpa mtu. Kwa Kampala niliyoijua mimi kupitia yule kijana wa getini, hilo peke yake lingenitosha.

Kama ni nyota, nampa nne kwa tano. Ya tano naiweka kando mpaka apate mwenzake wa Jumapili.

Ukimtafuta mtu wa aina hii, iwe ni yeye au mwingine, mtazame anaanza na nini. Akianza na "namjua fulani", shika mfuko wako. Akianza kwa kuomba vikopo vya dawa, mpishe mkekani. Beba kila karatasi hata iliyochanika, beba kitambulisho cha taifa cha mgonjwa, na usiache vidonge nyumbani kwa sababu eti ni vya zamani.

Siku ya mwisho mama alimpa Sista fungu la angara, samaki wakavu, lililotumwa kutoka Pakwach na kumwambia "awadifo", yaani asante, mara nyingi mpaka Sista naye akajifunza kulitamka. Niliuliza atuandalie siku ya kurudi, miezi mitatu baadaye. Akasema hatumhitaji.

Nilibaki Arua miezi hiyo mitatu ilipotimia, duka lilikuwa limeelemewa na madeni. Mama alipanda basi peke yake na mdogo wangu akampokea Arua Park na kile kitabu kinene kwapani. Jioni nilipiga simu nikitetemeka. Nilimuuliza mama daktari amesema nini. Akaniambia uvimbe umenywea, presha iko sawa, sukari wamemkaripia kidogo.

"Na huyu mwanangu," akasema, "ameniuliza kuhusu damu. Ameniuliza vizuri."